Tumbo la Samaki wa Mama

Samaki alianza kuugua wiki ambayo kliniki yetu ilijaa watoto wenye homa. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka hadi sauti imekauka, kwa sababu kazi ya nesi wa watoto nusu yake ni kubembeleza na nusu ni kufokea mama zao. Sijavua hata viatu, mama akaniita kutoka sebuleni.

"Njoo umtazame mwenzangu. Hayuko sawa."

Mwenzake ni huyo samaki. Ni samaki wa mapambo, wa rangi ya chungwa, mkia wake mpana umelegea kama mtandio. Hakuwahi kupewa jina. Mama alimwita mwenzangu, nasi tukamwita samaki wa mama.

Aliletwa na ndugu yangu mdogo. Yeye anafanya kazi Qatar. Baba alipofariki alikuja matangani, akamwona mama anavyokaa kimya sebuleni kutwa, mwanamke aliyefundisha shule miaka yote ile na ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mtaa wa pili, akaamua kwamba dawa ya ukimya ni samaki. Akashuka Mombasa, akarudi Malindi na tangi la kioo, mashine ya kupuliza hewa, kokoto za rangi na samaki watatu ndani ya mfuko wa nailoni. Akapanga kila kitu, akapiga picha, akapanda ndege. Samaki wawili walikufa kabla hatujajua kuwatofautisha. Wa tatu akabaki, na kazi zikagawanywa bila mtu kuulizwa: mama kazi yake kumlisha, mimi kubadilisha maji, kusugua kioo, kusafisha kichujio, na kukimbilia mashine kila stima ikipotea na kurudi.

Nikainama mbele ya tangi. Samaki alikuwa ameelea juu, kichwa chini, mkia juu, tumbo limefura upande mmoja kama amemeza gololi. Alijaribu kushuka, akapiga mapezi kwa nguvu, akafika katikati, akapandishwa tena juu kama boya.

"Ana nini?" mama akauliza.

"Sijui, Mama."

"Wewe si nesi?"

"Wa watoto, Mama."

"Basi huyu naye mtoto. Mtazame vizuri."

Kesho yake mchana ndugu yangu akapiga simu ya video. Mama alikuwa ameshamweleza yote. "Dada, sogeza simu kwenye kioo," akaniambia. "Hapana, huku. Washa taa. Usitikise mkono." Nilisimama pale na simu, nimeshika kijiko cha kupikia kwa mkono wa pili, mchuzi unaungua jikoni, nikimwonyesha mtu aliyeko Qatar tumbo la samaki. Akasema amesoma, tatizo ni kibofu cha hewa, yule samaki hawezi tena kujisawazisha majini. Niweke chumvi. Nimpe vitunguu saumu. Na hapo kliniki kwetu hakukosi dawa ya kuua vijidudu.

"Nichukue dawa za watoto wa watu nimpe samaki?"

"Kidogo tu, dada."

"Msikize ndugu yako," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Yeye anajali."

Neno lile lilinikaa kooni wiki nzima. Yeye anajali. Mimi ninayechota maji kwa ndoo, nikayaacha kutwa yatoke ile dawa ya bomba, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi kama mabwawa ya chumvi ya Marereni, mimi ni mpita njia.

Nilikwenda ofisi ya mifugo. Bwana niliyemkuta pale alikuwa mstaarabu, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ni samaki wa kuuza. Nikamwambia ni wa mama. Akanielekeza kwa mwenzake anayeshughulikia uvuvi. Yule akanisikiliza pia, akafikiri, akasema, "Akishakufa mlete, tutampasua tuone." Nikamshukuru. Nilipofika nje nilicheka peke yangu hadi mwuza madafu akaniuliza kama niko salama.

Mtu aliyenipa msaada wa maana alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nyuma ya kaunta yake, katikati ya misumari na makopo ya rangi, ana tangi kubwa kuliko kabati letu, samaki wake wanang'aa kama vito. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba binti," akaweka miwani vizuri na kuanza kunihoji kama ninavyowahoji mimi kina mama kliniki.

"Maji gani?"

"Ya bomba, nayalaza kwanza."

"Choo chake?"

"Kirefu, chembamba kama uzi, chaning'inia tu."

"Chakula mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Mama ndiye ampaye. Kidogo tu."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Wasema kidogo, lakini dalili zote ni za samaki aliyeshibishwa kupita kiasi. Amefunga choo. Mnyime chakula siku mbili tatu. Kisha mpe njegere, uichemshe, uimenye, umpe kipande kama kichwa cha kiberiti. Akipata choo, tumbo litashuka na ataogelea sawa."

Nikarudi na maagizo yangu. Nikamweleza mama taratibu: hakuna chakula mpaka nitakaposema. Akaitika, "Haya, daktari." Siku ya tatu nikachemsha njegere. Nikaketi jikoni, mtu mzima, nikamenya njegere moja moja kwa ajili ya samaki huku chakula changu mwenyewe kikipoa.

Tumbo halikushuka. Likazidi. Maji niliyobadilisha asubuhi yalikuwa na ukungu nikirudi jioni, na chini kwenye kokoto kuna utando mweupe wenye harufu. Nikabadilisha tena. Kesho yake hivyo hivyo. Nikamwuliza mama, "Umempa kitu?" Akaapa hajampa. Nikaamini, kwa sababu mama yangu si mtu wa kusema uongo. Alituchapa sote kwa uongo. Ndugu yangu kwa simu akasema basi kosa ni la kichujio, na labda sikisafishi inavyotakiwa.

"Njoo basi ukisafishe wewe!" nikamwambia, nikakata simu.

Nilipopata siku ya mapumziko niliamua kukaa nyumbani kutwa nimchunguze huyo samaki. Nilikaa kwenye mkeka karibu na tangi, nikijifanya nakunja nguo. Asubuhi mama alitoka chumbani na leso yake mabegani, akafungua kopo la chakula, akanyunyiza vizuri tu, akasema, "Haya mwenzangu, staftahi."

"Mama! Tulisema asile."

"Aa, kweli. Nimesahau." Akafunga kopo, akakaa. Nikaguna, nikaendelea na nguo.

Tukazungumza habari za jirani. Nikamletea chai. Alipomaliza kikombe akainuka, akafungua kopo, akanyunyiza. "Haya mwenzangu, staftahi."

"Mama, umeshampa!"

"Nani? Mimi?"

"Sasa hivi. Mbele yangu."

"Sijampa mimi. Ndiyo kwanza naamka."

Kikombe cha chai alichomaliza kilikuwa bado kando ya kiti chake. Nilidhani ananitania. Mama hapendi kushindwa, na nilikuwa nimechoshwa na yule samaki na kila kinachomhusu, basi nikapandisha sauti. Nikamwambia anamwua kwa mkono wake, halafu lawama nabeba mimi. Ofisi za watu nimezunguka, njegere nimemenya. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Huna adabu. Mimi sijampa chochote," na macho yake yakawa na maji.

Hapo ndipo nilipomwona. Hakuwa akibishana. Hakuwa akificha. Alikuwa anajitetea kwa jambo ambalo kwake halikutokea kabisa.

Nikarudi kwenye nguo zangu. Kabla ya adhuhuri akainuka tena. Safari hii nilimtazama tu anavyofungua kopo, anavyonyunyiza, anavyoegemeza uso kwenye kioo na kusema maneno yale yale, kwa upendo ule ule, kama ndiyo mara ya kwanza ya siku. Mambo mengine yakaanza kunijia: chumvi iliyozidi kwenye mchuzi, funguo ndani ya pipa la unga, ile siku aliyonituma dukani nikirudi akaniuliza nilikwenda wapi. Kazini mtu akinieleza hayo, ningejua mara moja nimpeleke wapi mzee wake. Nyumbani kwangu nilikuwa natafuta ugonjwa ndani ya tangi.

Nilimpigia ndugu yangu nikiwa uani. Nikamweleza.

"Kwa hiyo si kichujio?" akauliza.

"Ndugu yangu, nazungumza habari za mama."

Akasema: "Labda ni uzee tu, dada. Si wote husahau? Mimi mwenyewe nasahau."

Nilitamani simu iwe na njia ya kumvuta mtu sikio.

Nilimpeleka mama hospitali. Akamwamkia daktari kwa Kiswahili kilichonyooka, akamrekebisha ngeli mahali fulani, akaulizwa maswali, na yale aliyoshindwa aliyapitisha kwa mzaha hata daktari akacheka. Lakini daktari aliyaandika yote. Dawa zikaanza. Hakuna aliyetuambia kwamba atapona. Tuliambiwa tuwe na subira naye, na subira ndiyo kitu ambacho sikuwa nacho hata kwa samaki.

Kopo la chakula nikalificha. Mama akampa samaki mkate. Mkate nikaupandisha juu ya kabati, akampa wali. Mwishowe nikafunika tangi kwa kifuniko kizito asichoweza kukiinua, na samaki akafunga kweli, kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye alikula njegere yake, akapata choo, na tumbo likaanza kushuka. Akashuka nalo hadi kwenye kokoto. Haogelei sawa mpaka leo, amelalia ubavu kidogo, ila anakwenda anakotaka. Mama naye akakaa barazani na kuwaeleza majirani kwamba binti yake ni nesi anayelisha watoto wa mji mzima lakini samaki wa mamaye anamnyima. Mmoja wao aliniletea mahamri, akaninong'oneza nimhurumie yule kiumbe.

Ndugu yangu alikuja likizo. Katika mizigo yake kulikuwa na mashine ya kulisha samaki yenyewe kwa saa maalumu, na alikaa jioni nzima akinieleza jinsi itakavyomaliza matatizo yetu. Akaondoa kifuniko changu kizito, akaifunga mashine yake, akaniambia, "Umeona, dada? Kila jambo lina ufumbuzi wake." Nilijua asubuhi inakuja.

Asubuhi nilikuwa uani nafua. Nilimsikia sebuleni akicheka, "Mama, mashine imeshampa!" Baadaye kidogo nikasikia tena, bila kicheko. Kisha sauti ya mama ikapanda, ya darasani ile.

Ndugu yangu akaja uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Uso wake ulikuwa wa mtoto.

"Dada, ameniuliza nimefika lini. Nikamjibu. Akaniuliza tena. Halafu tena." Akashika kamba. "Hivi ndivyo ilivyo kila siku?"

Maneno niliyokuwa nimemwekea yalikuwa mengi, na nilikuwa nimeyapanga vizuri, mwezi hata mwezi. Nilikamua leso niliyokuwa nimeishika, nikaianika. Kupitia mlango uliokuwa wazi nililiona tangi, maji yameshapiga ukungu, samaki amepanda juu.

"Nenda kashike ndoo," nikamwambia. "Ile ya kijani, maji yake yamelala tangu jana. Nusu utoe, nusu uache, na usimshtue samaki kwa kelele. Mama akikuuliza unafanya nini, mweleze. Akikuuliza tena, mweleze tena."

Akaenda. Nilimsikia akijikwaa kizingitini, maji yakimwagika, na mama akimwuliza huyu ni nani anayemwaga maji ndani ya nyumba yake.