Tanbihi ya Kumi na Saba Niliichomeka Mwenyewe

Bwana Mhariri, nimekosa, na kosa langu lilipanda gari moshi likaenda Dar es Salaam kabla sijawahi kulikamata. Jina langu usilichape, tafadhali. Wanaonijua hapa Tabora wamekwisha kunicheka vya kutosha!

Mimi ni karani, kazi yangu kupiga taipu. Kwetu ni Uzaramo, lakini nimekaa mtaa wa Gongoni miaka mingi. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, Mnyamwezi, mtu wa kanisani, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila asubuhi humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, na hapo heshima imekwisha! Maana sisi ni watani. Tangu babu zetu walipokutana kwenye njia ya misafara, Mzaramo humtukana Mnyamwezi hata mbele ya wageni, na Mnyamwezi hana ruhusa ya kukasirika. Naye hunirudishia, tena kwa riba.

Mwalimu alikuwa ameandika makala juu ya wapagazi wa zamani, apeleke kwenye jarida la wataalamu huko Dar es Salaam, nami ndiye mpiga taipu wake. Miaka mitatu alikanyaga baiskeli kwenda Igalula na Goweko kuwahoji wazee waliobeba mizigo mpaka pwani. Aliyempenda kuliko wote ni mzee Kasanda wa Goweko, ambaye bega lake lina sugu nene kama kiazi. Alimwahidi kwamba jina lake litachapwa, na kwamba ataliona kwa macho yake kabla hajafa. Ahadi hiyo ilimnyima Mwalimu raha.

Basi jarida likaleta masharti yake. Jamani, masharti! Kila neno lionyeshwe limetoka wapi, kwa tanbihi zenye namba, zilizopigwa kwenye karatasi ya peke yake mwishoni. Jina la ukoo mbele, kisha mkato, kisha jina la mtu. Jina la kitabu lipigiwe mstari. Mji kilipochapwa, mwaka ndani ya mabano. Na asiye na kitabu aandikwe jina, kabila, kazi na mahali alipohojiwa. Kasanda hana jina la ukoo wala mkato! Tulibishana juu yake siku nzima, mwisho tukamwandika hivyo hivyo, namba kumi na sita.

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka. Nilitazama karatasi ile nzuri, mistari imenyooka, mabano yamefungwa, nikaona inakosa chumvi. Nikapiga moja zaidi, kwa Kiingereza safi, yenye maana hii: "17. Habari hizi zote ni uongo. Wanyamwezi hawakupata kubeba kitu kizito kuliko chakula chao wenyewe."

Nilikusudia aione palepale! Mwalimu ana desturi ya kusoma kila ninachopiga, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Niliwaza atakavyofika kumi na saba, kidole kitakavyosimama, na tusi atakalonitupia. Nikaenda kunywa chai huku nacheka peke yangu.

Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

Nikakimbia stesheni. Nikakutana naye njiani anarudi, uso umemng'aa.

"Imekwenda, mtani!" akasema. "Gari lilikuwa karibu kuondoka, nikasoma makala tu. Zile tanbihi umezipanga wewe, sikuona haja ya kuzikagua. Nakuamini."

Nakuamini! Bwana Mhariri, ungenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo. Hapo ndipo ilipofaa niseme. Simu ya posta ingepelekwa siku ileile na mambo yakaisha. Lakini nilimtazama alivyofurahi, nikasema, "Hongera, Mwalimu." Utani ule ulikuwa upuuzi. Kunyamaza ndiko kulikokuwa dhambi, na nilinyamaza wiki sita! Kila barua zilipofika alitoka mlangoni kuulizia.

Jibu likaja. Mhariri wa jarida aliisifu makala, kisha akaandika kwamba tanbihi ya kumi na saba inaipinga makala nzima. Ni nani mtaalamu huyu? Mpaka aelezwe, haichapwi.

Mwalimu akaisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kumi na saba?" akaniuliza. "Wazee wangu wanaishia kumi na sita."

Nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa. Akaikunja barua polepole, akairudisha kwenye bahasha yake.

"Nikikasirika, nimevunja utani," akasema mwishowe. "Nikicheka tu, Kasanda anakufa bila kuliona jina lake. Sasa wewe Mzaramo, umeniacha na nini?"

Niliona haya, tena haya ya kweli!

Jumamosi asubuhi akanigongea mlango. "Vaa viatu. Tunakwenda Igalula kwa gari. Kurudi, utarudi na mzigo."

Kasanda alikuwa ametoka kwake Goweko, anatungoja stesheni ya Igalula, na mbele yake gunia la mahindi, frasila mbili kamili, mzigo wa mpagazi mmoja wa zamani. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari zangu. Alinitazama kama mtu anayenunua mbuzi mgonjwa.

"Huyu ndiye?" akauliza. "Mtwikeni, mtwikeni!"

Vijana wa stesheni wakanitwika begani. Nikaanza safari ya Tabora kandokando ya reli, nikijitia kupiga mluzi. Mluzi ulikufa baada ya nguzo tano za simu. Shingo ikaanza kulia, magoti yakafuata. Kasanda alitembea nyuma na fimbo yake, akinihesabia vituo vyote vya kwenda pwani, na jinsi vilivyokuwa mbali!

Bati la stesheni lilikuwa bado linaonekana nilipoanguka, mimi chini, gunia juu ya kifua. Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando yangu na daftari lake.

"Kabila?"

"Mwalimu, niondolee gunia!"

"Kabila?"

"Mzaramo!"

"Kazi?"

"Karani!"

"Mahali alipohojiwa?"

"Hapa hapa chini, Mwalimu, nakufa!"

"Na yale uliyoyasema juu ya Wanyamwezi?"

"Nimeyafuta! Walibeba! Walibeba dunia nzima!"

Kasanda akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo wakaniondolea gunia.

Jumatatu nikaipiga upya mimi mwenyewe, shingo imepinda, nikifuata masharti yote: "17. Mtani wa mwandishi, Mzaramo, karani. Alihojiwa karibu na stesheni ya Igalula, chini ya mzigo wa frasila mbili. Amekana maneno yake ya awali." Mwalimu akaongeza ukurasa mmoja kueleza utani ni nini na ulivyozaliwa njiani. Safari hii alisoma kila tanbihi, kidole juu ya mstari, mara mbili, na mimi nimesimama. Kidole kile kiliniuma kuliko shingo. Zamani kilifuata mistari kwa raha tu, sasa kilikuwa kinanikagua.

Makala imechapwa. Kwa sababu yangu ilikosa toleo moja, na mzee wa umri ule hana matoleo mengi ya kungojea. Lakini Kasanda yu hai! Tulimpelekea Goweko, Mwalimu akamshika kidole akakiweka juu ya jina lake.

"Na huyu aliye chini yangu ni nani?" akauliza.

"Ni yule Mzaramo wa gunia."

Kasanda akafikiri. "Basi vizuri. Akae hapo hapo, chini yangu."

Makarani wenzangu, watanieni watu sokoni, watanieni msibani, lakini karatasi ya tanbihi iacheni! Kila namba pale ni mtu anayengoja kuonekana. Na mkiisha kukosa, semeni siku ileile, kabla gari halijapiga honi. Anayeona naongeza chumvi na aje Gongoni. Lile gunia Mwalimu amelihifadhi, na bega la kulijaribia anatafuta.