Walivyobishana Juu ya Uhuru Kwenye Chungu Kimoja

Juzi nilikuwa Nyamisangura, nikampita mama mmoja aliyeanika kimea cha mtama kwenye turubai. Rafiki yangu, harufu ile ilinisimamisha. Nikajiona niko Kemambo kwa babu, mchana, chungu cha pombe katikati ya uwanja, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni.

Pombe ile haikunywewa kimyakimya. Bishano lilikuwa moja, miaka nenda miaka rudi: nchi hii ilianza lini, na nani alitupa sauti. Babu alishikilia kwamba kabla ya uhuru hatukuwa na nchi, tulikuwa koo tu zinazoibiana ng'ombe. Jirani yetu, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, hakukubali kabisa. Kwake demokrasia tulikuwa nayo siku zote kwenye ritongo, mkutano wetu wa kijiji, ambako mtu alisema mpaka akamaliza na jambo halikupita hadi wote waridhike.

"Wote gani?" bibi aliuliza siku moja, akiongeza maji ya moto chunguni. "Hiyo ritongo yenu mimi niliisikilizia jikoni. Na huo uhuru wenu, niliwapikia waliokwenda kuushangilia."

Wazee walicheka mpaka mirija ikawatoka mdomoni. Jirani hakucheka. Alisogeza kigoda, akamwambia akae aseme. Bibi akakaa, akasema, hadi maharage yakaungua jikoni. Tulikula ugali na maharage yanayonuka moshi, na babu, mtu wa kulalamikia chumvi, hakutia neno.

Desturi ilikuwa hii: kasirika, foka, piga goti lako ngumi, lakini mrija uuache chunguni mpaka mazungumzo yaishe. Kuuchomoa na kuondoka kulikuwa kutangaza uadui, na sikuwahi kuona mtu akiuchomoa. Babu alikufa bila kukubali. Siku ya mazishi jirani alisimama kaburini akaendelea kumbishia, huku machozi yanamtoka.

Basi juzi hiyo nikapanda gari hadi Kemambo. Chungu hakuna tena, siku hizi kila mtu na chupa yake. Hilo ningelivumilia. Lakini dukani nilikuta vijana wanabishana kuhusu katiba, mmoja anasema wazee walioanzisha taifa walitudanganya, mwenzake anakataa katakata. Nilifurahi, sikufichi. Nikasogea.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba wanangu. Eti nyie mnaonaje, sauti tuliletewa na uhuru, au tulikuwa nayo?"

Mmoja akatia simu mfukoni.

"Sisi tulikuwa tunaongea mpira tu, mama," akasema kwa upole, na wakatawanyika, mmoja huku, mwingine kule.

Mwenye duka alinieleza kwa sauti ya chini kwamba wamedhani nimetumwa na wakubwa kuwapeleleza. Mimi, ambaye kitovu changu kimezikwa hapo ng'ambo ya barabara. Niliumia, rafiki yangu, niliumia sana. Nilitaka kuwaita niwatajie babu yangu, bibi yangu, ukoo wangu wote. Sikuwaita. Ningewashawishi vipi wasiogope, wakati mimi mwenyewe, kabla ya kuwauliza swali lile, niligeuka kwanza nikaangalia nani amesimama nyuma yangu?