Kodi Aliyokatwa Jirani Yangu

Wivu ulinianza siku fundi seremala, jirani yangu wa Kikwajuni, aliponiambia kuwa amana yake benki inakaribia kufika muda, na akishaitoa atapeleka mahari. Binti aliyemtaka ndiye niliyemtaka mimi. Nilikuwa karani, nimesoma mpaka sekondari, lakini mshahara wangu uliishia kwenye mashati na sinema. Yeye vidole vilinuka gundi, na fedha anazo.

Siku ilipofika nilimsindikiza benki, eti nimsaidie kusoma. Mtu wa dirishani akamweleza kuwa faida imekatwa kodi. Nilifurahi mpaka nikainamisha uso nisionekane. Nikangoja alalamike. Badala yake aliuliza kwa upole kama serikali haiwezi kuichukua yote, maana ile ni riba na yeye hataki kuila. Akaambiwa haiwezekani. Basi akakifunga kilichobaki cha faida ndani ya leso, mbali na akiba yake.

Ningenyamaza hapo. Lakini alasiri nilikwenda barazani kwa baba wa binti, na posa yangu mdomoni, nikipata upenyo niiseme. Kwa sauti ya mtu mwenye huruma nikamwambia kuwa mahari inayokuja ina riba ndani yake, tena imekwisha kukatwa kodi, si ajabu ikapunguka.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunywa kahawa. Akasema fundi alipita kwake tangu adhuhuri, akamweleza yote. Leso ile ameiacha kwa wanaojenga choo cha msikiti, kwani fedha ya riba mtu haili, bora iende chooni. Mahari ni jasho lake tupu.

"Kodi kakatwa yeye, mwanangu," akaniambia. "Mbona unaumia wewe?"

Watu wa barazani wakacheka. Mmoja akasema, "Mpeni kahawa, koo limemkauka."

Niliinywa, nikarudi nyumbani na posa yangu.

Harusini nilialikwa, nikaenda. Kila tonge la pilau lilinikwama kwa husuda, na husuda hiyo niliilisha mwenyewe. Miaka ikapita, wakapata nyumba kwenye majumba mapya ya Michenzani. Jioni nilikuwa nikipita chini, nikitazama juu nguo za mke wake zimeanikwa dirishani. Njia yangu ya kutoka kazini haikupita pale.