Mfereji wa jikoni nimeubadilisha mwenyewe

Leo nimemfanya mavyaa abadili kauli yake. Ngojeni niwaeleze.

Mfereji wa jikoni kwetu hapa Mwabungo ulikuwa umeliwa na kutu, unavuja mchana kutwa. Mume wangu yuko kazini Taru. Mavyaa, yaani mamake, akasema tumngojee.

"Hiyo si kazi ya mwanamke, mwanangu."

Nikafunga maji kwenye tangi, nikashika spana. Nati ilikataa kutoka. Nikaing'ang'ania mpaka ikalegea, nikautoa mfereji mbovu.

Mfereji mpya niliokuwa nimeununua nikauzungushia tepu ya kuzuia kuvuja, nikaukaza mahali pake, nikaufungua mbele yake.

Halikutoka hata tone.

Mavyaa akanikazia jicho. (Jamani, jicho lile.) Nilijua nimeharibu.

Kisha nikakumbuka kwamba maji ya tangi bado nimeyafunga.

Nikaenda nikayafungua. Yakaja kwa nguvu, na hapakuvuja popote.

Mavyaa akapitisha kidole chini ya mfereji, akakiangalia. Kikavu. Akachukua simu, akampigia mwanawe.

"Usihangaike kutafuta fundi. Tunaye hapa nyumbani."

Sasa nimeketi jikoni, naufungua na kuufunga bila sababu. Wenzangu, nyinyi mngengoja?