Redio ya Bi Somoe Ililia Mume Wangu Akinyamaza

Redio ya jirani yangu ilikuwa inapiga mluzi. Si mume wangu akiongea. Akinyamaza!

Tunakaa Goba. Mume wangu, Adelard, ana leseni ya redio ya mawasiliano, na mlingoti wa antena uani. Huongea na watu wa nchi za mbali, na amplifaya ndiyo inayoisukuma sauti yake ifike huko.

Jumamosi asubuhi Bi Somoe, tunayepakana naye ukuta, kasimama mlangoni, redio kwapani. Shikamoo yangu hakuipokea.

"Mama Lusungu, wiki nzima mie mawaidha siyasikii. Nyumba yenu ina kitu. Saa kumi namleta mjumbe wa mtaa, mlingoti ushuke!"

Akaondoka.

Mlingoti ushuke? Miaka tisa ya Adelard hewani ndiyo hiyo imekwisha.

"Sijasema neno, kelele natoaje?" Adelard akawaka. "Redio yake mbovu!"

Mie nina diploma ya umeme. "Baba Lusungu, ubishi peleka kijiweni. Bonyeza kitufe cha kuongelea, funga mdomo."

Akabonyeza. Kimya.

Nikachukua tester, ile bisibisi ya kupimia umeme yenye taa ndani. Nikaisogeza karibu na waya wa antena, bila kugusa.

Ikawaka.

Ng'ambo ya ukuta: fyuuu!

"Umeona? Umenyamaza, amplifaya yenyewe inarusha mawimbi."

Harusini MC akipita na maiki mbele ya spika, si mnasikia inavyolia? Ndiyo hiyo. Kinachotoka kinarudi kuingia, amplifaya inajilisha yenyewe.

"Nani kagusa waya zangu?" Adelard akang'aka.

Nikainama nyuma ya meza. Waya unaoingia kwenye amplifaya na wa antena unaotoka zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge.

Kitenge changu. Fundo langu.

Jumamosi ya nyuma nilifagia, nikakuta waya zimezagaa kama utumbo, nikazikaza.

Nikafungua. Mmoja kulia, mwingine kushoto. "Bonyeza."

Tester giza. Ng'ambo ya ukuta, shehe wa redioni anasikika neno kwa neno.

"Tumwambie ilikuwa mvua," Adelard akanong'ona.

"Thubutu!"

Nikaenda mwenyewe, kitenge mkononi, nikaeleza yote.

Bi Somoe akanitazama juu hadi chini. "Kumbe jini lenyewe linashika ufagio!"

"Nisamehe, Bi Somoe."

"Mjumbe nishamwita. Atakunywa chai. Kwako."

Alikunywa vikombe vitatu.

Wenzangu, usichokijua usikifunge. Na kitu kikilia nyumbani kwako, kabla hujamshuku jirani, kagua mafundo yako.