Ushuhuda wa Koo Linalouma

Jumapili hiyo mama alitaka nitoe ushuhuda kanisani kwamba nimepona saratani ya koo. Daktari alisema ugonjwa umeisha, ila koo lililochomwa na miale ya matibabu litauma kwa miezi. Sikuelewa. Mtu amepona aje na kumeza mate ni kama kumeza seng'enge?

"Mama, niseme nimepona ama naumwa?"

"Shukuru Mungu, wacha mchezo."

Nikasimama. "Bwana asifiwe! Nimepona, lakini chai nangoja ipoe mpaka nzi wanitangulie."

Kanisa lote likacheka isipokuwa mama. Tukirudi nyumbani katikati ya mashamba ya majani chai, akauliza polepole, "Kwani bado inauma?"

Nilitafuta mzaha, nikakosa. "Inauma."

"Basi kesho daktari atuambie hii kupona ni ya aina gani."