Chokaa ya Unguja kwenye Mlango wa Maji wa Guangzhou

Niliondoka Unguja kwa sababu dada yangu Rukia alinipigia simu akilia, na Rukia si mtu wa kulia. Yuko Guangzhou mwaka wa kumi na mbili sasa, ananunua vitambaa na kuvisafirisha nyumbani, na akishika bei yake haiachii. Kumsikia anavuta kamasi kwenye simu kulinishtua kuliko maneno yenyewe.

"Wataivunja nyumba, kaka Haji," alisema. "Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja kuitazama. Isipowaridhisha, basi."

Nyumba hiyo nilikuwa nimeisikia miaka mingi. Ni vyumba viwili vya matofali ya kijivu kando ya mfereji, karibu na Kangle, kule kwenye masoko ya vitambaa na karakana za kushona. Zamani mashua za mizigo zilipita kwenye mfereji ule kwenda mto mkubwa, na kwa kuwa maji ya mto hujaa na kupwa kama ya bahari, palijengwa milango miwili ya maji. Mashua iliingia katikati, mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakasawazishwa, na wa mbele ukafunguliwa. Mtu wa kufungua na kufunga alipewa nyumba palepale. Mashua zimekwisha, milango imeota kutu, na nyumba wameikodi Rukia na wenzake wanne, wanawake wa Unguja na Dar es Salaam. Humo wanakagua vitambaa, wanapika pilau, wanasali, na mmoja wao amejifungulia humo kwa sababu gari lilichelewa.

Ofisi ya kijiji, maana pale ni kijiji kilichomezwa na mji, ilikuwa imepanga kusafisha ukingo wote wa mfereji. Ilisema nyumba itabakishwa kwa masharti matatu: ionekane kweli kuwa ni ile nyumba ya zamani ya mlango wa maji, na iwe na faida kwa watu wa pale, si kwa wafanyabiashara wageni peke yao. Na iwe imesimama sawasawa, haina ufa wa kutisha. Hilo la mwisho ndilo lililoniita. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe. Nimepiga lipu na kupaka chokaa Mji Mkongwe miaka thelathini, kama marehemu baba, na hakuna ukuta ulionishinda. Nilitia mwiko wa baba na brashi zangu tatu kwenye sanduku, nikapanda boti ya asubuhi kwenda Dar, na jioni yake nikawa angani.

Jumatatu mchana, uwanja wa ndege wa Guangzhou, Rukia alikuwa akinisubiri na chupa ya chai ya tangawizi. Tulipita Liuhua, karibu na stesheni ya reli, kwani alikuwa na viatu vya kuchukua barabara ya Zhanxi. Nikaona mikokoteni iliyopakiwa hadi msukumaji haonekani, na watu wa kila rangi wakibishana bei kwa kikokotoo. Rukia aliingia dukani, akamwita mwenye duka laoban, yaani bosi, akaambiwa meiyou, hakuna, akageuka kutoka, na kabla hajafika mlangoni viatu vikapatikana. Nilicheka peke yangu.

Hotelini walitaka pasi yangu, na kwa kuwa Rukia ndiye mwenyeji wangu, wakaitaka na yake. Msichana wa mapokezi alizitazama zote mbili akatabasamu. Tarehe mosi Januari, mimi na dada yangu, tumepishana miaka saba tu. Rukia akamwambia kwa Kichina kwamba nusu ya Waswahili wa Guangzhou wamezaliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu karani wa pasi hakutaka kungoja.

"Baba alituandika siku zetu ukutani," akaniambia tukipanda ngazi. "Nyuma ya mlango wa chumba chake. Nyie mkapaka chokaa."

Nilimjibu kwamba nyumba hupakwa kila mwaka kabla ya Ramadhani, ndiyo desturi, angetaka tuishi kwenye uchafu? Akanitangulia na sanduku langu.

Jumanne asubuhi nilifika kwenye nyumba yenyewe. Nilizunguka mara mbili nikigonga kuta kwa kifundo cha kidole, na nikafurahi. Matofali mazima, msingi mkavu, paa la vigae limebonyea sehemu moja tu. Kitu kimoja kilinichukiza. Upande wa barabarani palikuwa na herufi moja kubwa ya Kichina, nyekundu, ndani ya duara. Rukia akasema maana yake ni "bomoa". Nikafungua sanduku nitoe brashi.

"Hiyo usiiguse," akasema. "Hiyo aliandika mwenye mamlaka. Akitaka ataifuta yeye. Na ndani pia nisubiri mpaka nirudi, kesho nina mzigo Zhanxi."

Basi siku hiyo nilifanya kazi ya nje. Nilirekebisha paa, kisha nikaona rundo la matofali ya kijivu ya nyumba ya jirani iliyokwisha kubomolewa. Ukuta unaotazama maji ulikuwa mrefu, na mchana una kivuli kizuri. Unguja nyumba isiyo na baraza ni kama haitaki wageni. Nikajenga baraza ya matofali, urefu wa ukuta mzima, kimo cha kukalia mtu mzima bila kuumia magoti.

Alasiri alikuja mzee mmoja mwembamba, kofia ya majani kichwani, akasimama kunitazama. Mwanamke mmoja wa akina Rukia aliniambia huyo ndiye Mzee Huang, mlinda mlango wa maji wa mwisho, aliyeishi humo na marehemu mkewe. Sasa anakaa kwa binti yake ng'ambo ya mfereji na huja kila siku kuitazama nyumba. Akaijaribu baraza ingali mbichi, akainua kidole gumba. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Jumatano asubuhi Rukia alikwenda Zhanxi, na mimi nilikuwa na chokaa tayari. Kule wanaiuza imekwisha kulowekwa, laini kama uji, kwenye mifuko ya nailoni. Nikaingia ndani. Ukuta wa chumba cha mbele ulikuwa na moshi wa miaka, na kando ya ngazi ya kupandia dari palikuwa na mistari myekundu na myeusi iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na vijimaandishi pembeni. Nilijua mara moja ni nini, au nilidhani. Bandarini kwetu wachukuzi huhesabu magunia kwa kuchora mistari ukutani, na hawa wanawake hufunga mizigo humu kila wiki. Nikasema moyoni, dada zangu hawa, hata daftari hawana. Rukia alikuwa amesema nimsubiri. Lakini fundi mwenye chokaa mbichi na ukuta mchafu hasubiri. Kabla ya adhuhuri ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi.

Saa tisa Mzee Huang alikuja, akaiona baraza imekauka, akatabasamu, akaingia ndani. Nilikuwa nimesimama na brashi yangu nikingoja kidole gumba. Yeye aliutazama ukuta, akaenda kando ya ngazi, akaweka kiganja juu ya chokaa, kisha akakaa chini sakafuni.

Rukia alimkuta hapo. Walizungumza kidogo, na uso wa dada yangu ukabadilika.

"Ni maji, Haji," akasema. "Kila mafuriko, waliandika maji yalipofika. Mwaka, na jina la mtu wa humu aliyechora. Ndio ushahidi wenyewe tuliokuwa nao. Hatuna mwingine."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni. Mtu nimevuka bara na bahari kuokoa nyumba, nikaitoa roho kwa mkono wangu mwenyewe.  Lakini mikono yangu ilikuwa imeanza kufikiri kabla yangu. Nikauliza, mistari myekundu ilikuwa rangi ya mafuta au wino? Rukia akauliza. Mingi rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango ya chuma. Basi, nikasema, leteni ndoo na sponji za jikoni zote.

Chokaa haishiki kwenye mafuta, na iliyokaa saa chache tu haijawa jiwe. Nilianza chini, nikalowesha, nikabonyeza, nikainua, bila kusugua. Mstari wa kwanza ulitokea safi. Wanawake waliacha mizigo, wakakaa wawili wawili kwenye ngazi wakibadilisha maji. Mpaka jua linazama mistari kumi na mmoja ilikuwa imerudi pamoja na maandishi yake, na kuizunguka nikaiacha chokaa ibaki nyeupe, hata alama zikasomeka kutoka mlangoni. Lakini wa kumi na mbili, wa juu kabisa, haukurudi. Huo ulikuwa wa wino, ameuandika marehemu mke wa Mzee Huang usiku walipompandisha mtoto darini. Sponji yangu ilitoka na weusi kidogo, na ukuta ukabaki mtupu. Nililia hapo, mbele ya watu, nikamwomba radhi kwa Kiswahili kwa sababu sikuwa na lugha nyingine.

Mzee Huang hakungoja tafsiri. Alipanda ngazi polepole mpaka kidato cha tatu, akageuka, akaweka mkono ukutani usawa wa kifua chake. Akasema kitu.

"Anasema mkewe alisimama hapa na mtoto begani," Rukia akanitafsiria. "Maji yakamfika hapa. Anasema anajua, yeye ndiye aliyekuwa amemshika mkewe."

Nilimpa brashi yangu ndogo. Mstari aliuchora yeye, na jina la mkewe akaliandika yeye.

Ijumaa asubuhi alikuja mwanamke kijana wa ofisi ya kijiji, miwani usoni na jalada kwapani. Rukia alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, lakini hayakuhitajika sana. Yule kijana aliingia, akasoma ukuta kutoka chini kwenda juu, akapiga picha kila mstari. Wa juu aliuona kuwa mpya, akauliza. Nilimwambia Rukia aseme kweli yote, pamoja na upumbavu wangu, na akasema. Mzee Huang akapanda kidato cha tatu, akaonyesha tena. Nilimtazama yule kijana uso wake nikaona ameelewa.

Akatoka nje kuuliza la pili, nani wa hapa anafaidika na nyumba hii. Kwenye baraza walikuwa wamekaa wazee saba wa kijiji, sijui wametoka wapi. Mmoja ameleta ndege wake kwenye tundu, wawili wanacheza sataranji ya kwao, na Bi Asha wa Temeke, mmoja wa akina Rukia, anawamiminia chai. Mwanamke wa ofisini aliwaambia wasogee. Walisogea, naye akakaa. Alikaa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyotaka. Mpango ukapatikana palepale: chumba cha mbele na baraza viwe vya kijiji mchana, watu waje kuona alama za maji, na cha nyuma kibaki kwa akina Rukia.

Kisha akasimama, akazunguka upande wa barabarani mpaka kwenye ile herufi nyekundu, akaniita kwa kidole.

"Anasema hiyo sasa ipake," Rukia akasema. "Hiyo ndiyo ya kupaka."

Nilipaka mikono minne, tabaka juu ya tabaka. Rangi ile ilikuwa ya mafuta, ikaikataa chokaa, ikabidi niikwangue kwanza kwa mwiko wa baba. Sijawahi kupaka ukuta kwa raha kama ile. Baadaye tukaenda kusali Ijumaa.

Jumapili niliruka kurudi nyumbani, na sanduku langu likawa na mashati ya watoto badala ya brashi mbili, ambazo nilimwachia Mzee Huang.

Unguja niliwakuta wanajiandaa kwa Ramadhani, na mke wangu ameshanunua chokaa. Nilikwenda kwanza kwenye chumba cha marehemu baba, nikafunga mlango, nikaukwangua ukuta wa nyuma yake kwa ncha ya mwiko, tabaka moja baada ya jingine. Baba aliandika kwa msumari. Mistari ilikuwa imejaa chokaa nyeupe ndani ya lipu ya kijivu, ikasomeka vizuri. Nilijifunza siku hiyo, na umri huu wangu, kwamba fundi auulize ukuta kwanza, ndipo aloweshe brashi. Nikampigia dada yangu.

"Rukia," nikamwambia, "umezaliwa Jumatano. Mwezi wa Mfunguo Saba."

Nikasikia wazee wakicheka barazani nyuma yake.

"Asubuhi au jioni?" akauliza.

"Asubuhi. Ameandika asubuhi."

Mwaka huu tumepaka nyumba nzima kabla ya Ramadhani, isipokuwa nyuma ya mlango ule.